Gari ya rimoti imepita maji ya chumvi Paje, sasa inapiga kigugumizi. Nianze kufungua wapi?

#1 Kigari_Paje
Asalaam alaykum. Nna gari ya rimoti ya skeli 1/10, mota brashilesi (isokuwa na brashi) na isokuwa na sensa, betri lipo 2S (seli mbili za lithiamu) ya miliampia-saa 5000. Kaka yangu aliniletea alipokuja likizo na tokea hapo ndio starehe yangu mie na mwanangu wa miaka 9 kila Jumapili asubuhi. Jumapili ilopita ilikuwa bamvua, saa nne maji yashakupwa mpaka kule kwenye mashamba ya mwani, si mnaijua Paje, mchanga unakuwa mgumu kama lami, basi tukaikimbiza mpaka kijana akaipitisha kwenye kidimbwi, maji hayakufika hata nusu tairi, ikatoka nzima inaruka, tukacheza dakika kumi nyengine, tukarudi nyumbani nikaipangusa kwa kitambaa nikaiweka juu ya kabati. Jana Jumanne naiwasha, steringi inakata, taa zinawaka, lakini nikivuta triga inatetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi, inasogea kiduchu inasimama. Nikiisukuma kwa mkono inashika inakimbia kama kawaida, ikisimama tu, yale yale. Kwenye boksi wameandika haipitishi maji. Nianze wapi? Mwanangu kila akirudi chuoni suali lake la mwanzo ni "baba, imepona?"

#2 KijanaFuoni
Beringi hizo yakhe, zishashika kutu. Nunua WD-40 mwagia kila pahala, beringi, mota, gia, kontrola (kile kiboksi kinachopeleka umeme kwenye mota), halafu itie kwenye mchele siku mbili. Ile dawa walitengeneza NASA kwa ajili ya maroketi, haishindwi na kigari.

#3 FundiRedio_Mwera
Taratibu kijana. WD-40 ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, NASA yenyewe ilikuwa haijaanzishwa, imeanzishwa 1958. Ilikusudiwa kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas, na hilo jina maana yake ni kufukuza maji, jaribio la 40. Kwa hiyo kufukuza maji inafukuza, hapo sina ubishi, ila si mafuta ya kukaa kwenye beringi, inaosha grisi ilokuwemo ndani kisha yenyewe inakauka, unabaki na beringi kavu. Ukiitumia lazima ufuatishie mafuta.

Na beringi mbovu inapiga kelele, inachemsha mota, inamaliza betri mapema. Kutetemeka wakati wa kuondoka hiyo ni kesi ya umeme. Mota ya brashilesi ina waya tatu zinazotoka kwenye kontrola, mmoja ukishika nusunusu kwa kutu kwenye kile kichwa chake cha duara, mota inatetemeka pale pale haijui izunguke wapi. Fanya hivi: chomoa waya zote tatu, legeza mota uiondoshe kwenye gia kubwa, gusanisha waya mbili za mota uzungushe kwa kidole, utahisi inakuwa nzito. Badilisha jozi, kisha jozi ya tatu. Uzito uwe sawasawa jozi zote. Ikiwa moja ni nyepesi, tatizo liko ndani ya mota au kwenye waya wake. Zikiwa sawa, angalia vichwa vya waya na kontrola.

#4 BintiMichenzani
Mchele huo kapikieni pilau.

Kaka Kigari, kabla hujafungua skrubu hata moja: iweke gari juu ya kopo tairi zote zielee, chomoa plagi ya sevo (ile mota ndogo ya steringi) kwenye risiva (kile kinachopokea amri ya rimoti), vuta triga. Bado inatetemeka? Nakuuliza kwa sababu yangu ilifanya hivi hivi baada ya kucheza Fumba, watu wakaniambia mota, nikanunua mota nyengine kwa pesa ya kikoba, kigugumizi kile kile. Kumbe mchanga ulijaa kwenye mikono ya steringi, sevo inajikaza kusukuma, inafyonza umeme, na umeme wa risiva unatoka humo humo kwenye kontrola, volti 5 au 6 tu. Sevo ikifyonza sana risiva inazima kwa nukta inawaka tena, na kila ikizima mota inakata. Ukiinua gari utaona steringi inakata vizuri ukadhani haina neno. Iweke chini, usikilize. Ikivuma bila ya wewe kugusa rimoti, hiyo ni sevo.

#5 Maalim_Wete
Naongeza kidogo kwa nini Jumapili ilikuwa nzima na Jumanne mgonjwa, maana hilo ndilo linalowachanganya wengi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Ulipopangusa, maji yaliondoka na chumvi ikabaki, kwenye vijitundu ambavyo kitambaa hakifiki. Na chumvi ya bahari haikai kavu, inavuta unyevu wa hewa. Nani hapa hajaona kopo la chumvi jikoni linavyolowa wakati wa masika bila ya mtu kulitia maji? Basi gari yako juu ya kabati imekuwa ikilowa kila usiku na kukauka mchana, kila usiku kutu ikipiga hatua. Mchele hautoi chumvi. Jua halitoi chumvi. Kinachotoa chumvi ni maji matamu, na ilitakiwa siku ile ile kabla haijakauka.

Boksi kuandika haipitishi maji maana yake vile vya umeme vimezibwa. Beringi, skrubu, shafti na vichwa vya waya havikuzibwa na chochote.

#6 Mzee_wa_Cherehani
Fundi wa Mwera, nakuheshimu lakini usiitoe beringi kwenye kesi haraka hivyo. Mjukuu wangu anayo gari kama hiyo, ikawa haiondoki mpaka isukumwe, na waya zote zilikuwa zinang'ara. Beringi moja ya mbele ilikuwa imekamata.

Namna ya kujua ni nyepesi. Vua tairi, toa beringi, itie kwenye ncha ya penseli uizungushe karibu na sikio. Nzima inazunguka kimya. Iliyoingia chumvi utaihisi kwenye kidole inatafuna, kama umepata mchanga kwenye wali. Kile kifuniko cha mpira cha ubavuni, pitisha ncha ya sindano ukingoni ukinyanyue polepole, kisikunjike. Ndani utaona vigololi, na kama kuna rangi ya chai ujue kutu ishaanza. Tia kwenye kifuniko cha chupa na spiriti, itikise, mwaga, rejea mpaka spiriti itoke safi. Ikikauka, matone mawili ya mafuta ya cherehani, mawili tu, rudisha kifuniko. Mimi nashona miaka mingi na hayo mafuta ndiyo yanazungusha cherehani yangu mpaka leo. Mafuta ya nazi msithubutu, yakikaa yananata.

Ikiwa imekufa usipoteze muda, badilisha. Pima tundu la ndani, upana wa nje na unene kwa milimita. Gari za 1/10 nyingi ni 5 kwa 11 kwa 4, na 10 kwa 15 kwa 4, lakini pima yako.

#7 KijanaFuoni
Si niliwaambia beringi 😄 Shukran mzee wangu. Kwetu tunaosha kwa petroli, inatoa grisi kuliko spiriti.

#8 Mzee_wa_Cherehani
Petroli inavimbisha ule mpira mwanangu, kama hujautoa unaharibika. Na iwe nje ya nyumba, mbali na jiko.

#9 Mpemba_wa_Konde
Hamjambo huko Unguja. Mie nacheza Vumawimbi, mchanga wenyewe safi, lakini bahari inavuma usipime. Baada ya kulowa mara moja nikasema sirudii, nikafungua boksi la risiva na kontrola nikajaza silikoni ya kuzibia dirisha la bafuni. Nikaona nishamaliza. Mwezi haujatimia waya zote ndani zimekuwa kijani kama jani la mgomba na gari imekufa kabisa. Hii silikoni nayo inapitisha maji? Nisaidieni nielewe maana najiandaa kununua nyengine.

#10 FundiRedio_Mwera
Ilipokuwa inakauka ilinuka siki?

#11 Mpemba_wa_Konde
Eeeh! Kama achari.

#12 FundiRedio_Mwera
Basi ndiyo hiyo. Zipo silikoni zinazokauka kwa kutoa asidi ya siki, na siki inakula shaba. Uliifungia asidi pamoja na waya. Ipo ya aina ya pili isiyonuka siki, hiyo ndiyo ya vifaa vya umeme. Ukikosa, rangi ya kucha isiyo na rangi mikono miwili mitatu juu ya saketi, lakini usipake kwenye soketi za plagi wala penye kitu cha kuzunguka. Risiva ndogo wengine wanaivisha puto la watoto wanafunga mdomo kwa uzi, na hiyo inafanya kazi, ila ikishaingia maji haitoki, kwa hiyo ivue kila ukirudi.

#13 Maalim_Wete
Narudi kwenye ubishi wa #3 na #6, naona nyote mna haki upande wenu. Mota isiyo na sensa, kontrola haijui rota (kile kinachozunguka ndani ya mota) imeelekea wapi mpaka izunguke, kwa sababu inaijua kwa umeme mdogo ambao mota yenyewe inautoa ikizunguka. Ikiwa imesimama hakuna umeme huo, kontrola inabahatisha mpaka ishike. Sasa ukiiongezea mzigo wa beringi ilokamata, bahati inakosa, inatetemeka. Ukiisukuma unaipa ule mzunguko wa mwanzo, inashika. Kwa hiyo dalili ya Kigari inaweza kuletwa na beringi, na inaweza kuletwa na waya, zote zinafanana kwa nje.

Ila nina la tatu ambalo hamjalitaja. Betri. Mota inavuta umeme mwingi zaidi wakati wa kuondoka kuliko wakati wowote. Betri ilochoka, au plagi yake ilooga chumvi, volti zinaanguka hapo hapo na kontrola inakata ili kuilinda. Pima kwa mita: seli ya lipo iliyojaa ni volti 4.2, kwa 2S jumla 8.4. Ikishuka chini ya 3 inaumia. Halafu cheza dakika moja ukishika gari kwa mkono, gusa plagi ya betri. Plagi ya moto ni plagi yenye kutu ndani.

#14 Kigari_Paje
Mashaallah sikutegemea majibu yote haya. Dada Binti, nimefanya la sevo. Bila sevo bado inatetemeka lakini si sana, kama imepungua nusu hivi, sijui ni macho yangu. Plagi ya betri ina uvuguvugu, siwezi kusema moto. Betri ilikuwa 8.4 toka Jumapili, niliichaji tena tulivyorudi nikaiacha imejaa tayari kwa wiki hii. Na nimeona kitu chengine, ule uzi wa antena ya risiva nchani umeingia ukijani. Niukate?

#15 FundiRedio_Mwera
USIKATE. Antena ya 2.4 gigahezi ile sehemu ya mwisho isokuwa na ganda ni kama milimita 31 na urefu huo una hesabu yake, ukiipunguza umbali wa kuikamata rimoti unapungua. Isafishe kwa spiriti na mswaki laini.

#16 BintiMichenzani
Kupungua nusu si macho yako. Sevo ina mkono wake katika hili.

#17 Maalim_Wete
Na usiache lipo imejaa wiki nzima Kigari. Ya kuweka iwe karibu na volti 3.8 kila seli, chaja nyingi zina sehemu ya kuhifadhia. Ikikaa imejaa kwenye joto letu hili inazeeka na kuvimba. Hata gari isipoonekana na kosa, betri iliyovimba inakupa kigugumizi.

#18 KijanaFuoni
Yangu moja imevimba kama andazi. Nimeambiwa niitie kwenye ndoo ya maji ya chumvi siku mbili inakufa kabisa halafu natupa, ni kweli?

#19 FundiRedio_Mwera
Wengi wanasema hivyo. Tatizo maji ya chumvi yanakula vile vibati vya kutolea umeme kabla betri haijaisha, unaitoa unadhani imekufa na kumbe ndani bado ina moto na hakuna tena njia ya kuutoa. Chukua taa ya pikipiki ya volti 12, ile ya indiketa, iunge kwenye betri yako ya 2S, iweke nje juu ya saruji mbali na kitu cha kuungua, iache mpaka taa izimike kabisa. Wati 21 itachukua saa kadhaa. Na kuanzia leo usiichaji tena hiyo, hata kwa kujaribu. Ikianza kutoka moshi usiisogelee.

#20 Nahodha_Mkokotoni
Nyie watu wa nchi kavu mnababaishwa na kidimbwi 😂 Mie ni wa boti za rimoti, kila siku nimo majini. Kwanza nikwambie Kigari, Jumapili hii maji mafu, hayatokupa ule uwanja, bamvua ni Jumapili ya pili yake, kwa hiyo unayo wiki nzima na zaidi ya kufungua bila haraka.

Pili, nawashangaa kuiogopa bahari. Kitu cha mwanzo kuendeshwa kwa redio mbele ya watu kilikuwa boti, Nikola Tesla aliionyesha New York mwaka 1898 kwenye tangi la maji. Magari yamekuja baadaye sana.

Boti yangu nimeichonga mwenyewe mbao ya mfenesi, kama mtoto wa jahazi. Shafti ya rafadha inapita ndani ya bomba, na bomba nalijaza grisi mpaka itoke upande wa pili, kila nikirudi nachomoa shafti, naipangusa, najaza upya. Grisi ndiyo inayozuia maji kupanda. Wazee wetu chini ya jahazi walipaka shahamu na chokaa, juu wakapaka sifa (mafuta ya papa), na walikuwa wanairudia, hawakupaka mara moja wakasema basi. Vifaa vyetu navyo ni hivyo. Na ndani ya boti nimekata foromu la boksi la samaki nimelijaza kila upenyo, ikipinduka inaelea.

#21 Mpemba_wa_Konde
Sifa kwenye boti ya rimoti? Utaiweka chumba gani na harufu ile?

#22 Nahodha_Mkokotoni
Barazani. Na mke wangu keshanipa onyo la pili.

#23 KijanaFuoni
Gari za rimoti za kujenga mwenyewe si zilianza na Tamiya Hornet ya Wajapani? Baba alikuwa nayo.

#24 Mzee_wa_Cherehani
Hornet ni ya 1984, mwaka mmoja na gari yao nyengine, Grasshopper. Tamiya walianza na Porsche 934 mwaka 1976. Na mwambie baba yako kama bado anayo, zile skrubu za msalaba ni za Kijapani, bisibisi yetu ya kawaida inakula kichwa, inapanda juu inateleza. Atafute bisibisi ya aina yake. Nimeona magari mengi mazuri yameshindwa kufunguliwa kwa skrubu moja ilolika.

#25 Kigari_Paje
Yangu ni za alenki (tundu la pembe sita), milimita 2 na 2.5. Mbili zishashika kutu haziendi.

#26 FundiRedio_Mwera
Pasha moto alenki yenyewe kwa kiberiti cha gesi, itie kwenye skrubu ishike joto, subiri, kisha fungua. Ukifungia chuma kwenye chuma tia tone la gundi ya kushikisha nyuzi za skrubu, ile ya buluu, isiwe nyekundu, nyekundu hufungui tena bila ya moto mkali. Chuma kwenye plastiki usitie kabisa, inapasua plastiki.

#27 KijanaFuoni
Na mchanga wetu si mlaini? Naona wenzetu wa nje wanaogopa mchanga, huu wetu ni wa matumbawe na makombe, gia haziliki.

#28 BintiMichenzani
Ni laini ukilinganisha na ule mchanga wa bara wenye vioo vioo, hilo kweli. Lakini uchanganye na grisi uone, unakuwa msasa. Gia za plastiki zilizo wazi, ile ndogo ya mota na ile kubwa, ziache kavu. Nimeona mtu kazipaka grisi ya gari kwa mapenzi, wiki mbili meno yamekuwa kama ya papa. Grisi ni kwa zile zilizofungwa ndani ya difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi) tu.

Ukirudisha mota, kata kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe katikati ya gia mbili, sukuma mota ibane, kaza, zungusha karatasi itoke. Inabaki nafasi kiduchu, ndiyo inayotakiwa. Na fani ya mota ivishe kipande cha soksi ndefu za kike, mchanga haupiti hewa inapita.

#29 Mpemba_wa_Konde
Kwetu balaa si mchanga, ni udongo mwekundu. Ukilowa unaingia kwenye shokapu, ukikauka unakuwa tofali. Mie nasubiri ukauke kabisa, napiga kwa brashi ya rangi, ndiyo naosha. Ukiosha ukiwa tope unausukuma ndani.

#30 Maalim_Wete
Kwa udongo uko sahihi mwananchi mwenzangu. Kwa chumvi ni kinyume, usisubiri ikauke hata kidogo. Wasije watu wakachanganya.

#31 Kigari_Paje
Nina tatizo la maji. Kisima chetu kina chumvichumvi, chai yenyewe unaihisi. Nioshee nini? Kijana wa dukani kanambia ninunue maji ya betri.

#32 FundiRedio_Mwera
Angalia sana hapo! Watu wanaita maji ya betri vitu viwili. Kuna yale yaliyosafishwa ya kuongezea, hayo ni mazuri kabisa kwa mwosho wa mwisho. Na kuna asidi ya kujazia betri mpya. Asidi ikigusa gari yako imekwisha, na mikono yako na macho vile vile. Soma chupa, kama haina maandishi usinunue.

#33 Nahodha_Mkokotoni
Maji ya mvua tu. Kinga kwenye ndoo safi, yakipita paa kwanza liache lioshwe dakika kumi. Mie naosha na hayo mwaka mzima, natia kwenye madumu.

#34 BintiMichenzani
Naongezea, kabla ya kuosha chomoa betri, na vile vichwa vya waya vyenye ukijani visugue kwa ndimu na mswaki, ukijani unatoka hapo hapo unaona shaba.

#35 FundiRedio_Mwera
Ndimu sawa lakini iwe nchani tu, isipande ndani ya ganda la waya. Ikipanda itakula kule ambako huoni. Osha kwa maji yale safi baada yake, na mie kwa ushauri wangu kata waya ulehemu kichwa kipya.

#36 KijanaFuoni
Mota naipimaje joto? Nna kile kipima joto cha paji la uso tulichobaki nacho toka 2020, kinanambia mota nyuzi 42 na inaniunguza kidole.

#37 BintiMichenzani
Kiko kwenye kupima mwili, hapo hakipandi zaidi ya nyuzi 43 hivi. Vingi vina kitufe cha kupima vitu, bonyeza. Mota isivuke 80. Kama huna kifaa, kidole kisipostahimili nukta tatu, ipumzishe.

#38 Kigari_Paje
Wapendwa, leo Jumamosi nimeifungua yote, kijana kakaa pembeni anapanga skrubu kwenye trei ya mayai, kila shimo na mahala pake. Niliyoyakuta:

Waya wa buluu wa mota kichwa chake kijani, nilipochomoa kimeacha unga kwenye vidole. Jozi tatu za mota nimezihisi sawa, moja labda nyepesi kidogo, siwezi kuapa. Beringi ya mbele kushoto inatafuna vile vile kama alivyosema mzee, nimeibadilisha. Mikono ya steringi imejaa mchanga mweupe na kipande cha kombe kama ukucha wa mtoto. Nimeosha kwa maji ya mvua ya jirani, nimesugua kwa ndimu, nimetia mafuta ya cherehani, nimerudisha yote usiku huu.

Nimeiondosha mara kumi hapa uani. Mara nane imeondoka laini, mara mbili imetetemeka kidogo kisha ikashika. Mwanangu karuka mpaka kamwamsha bibi yake. Allah awalipe kheri.

#39 Mzee_wa_Cherehani
Alhamdulillah. Beringi hiyo.

#40 FundiRedio_Mwera
Hizo mara mbili ni kichwa cha buluu mzee wangu, ndimu imetoa ukijani wa juu, ndani ya waya bado umo.

#41 BintiMichenzani
Umefanya yote kwa siku moja, sasa nani atajua? Rudisha ile beringi mbovu peke yake uondoshe mara kumi tuone.

#42 Maalim_Wete
Mara mbili katika kumi kwa mota isiyo na sensa inaweza kuwa ndiyo hali yake tokea mpya, mmezoea tu hamkuwa mkihesabu. Jaribu pia kwa betri nyengine kabla ya kumhukumu mtu.

#43 Kigari_Paje
Dada, beringi mbovu hairudi, kijana keshaichukua. Kaitia kwenye penseli kaiweka sikioni anaizungusha, ananambia "baba, bado inatafuna, sikiliza." Kesho naazima betri kwa jamaa wa Bwejuu nijaribu la Maalim, na kichwa cha buluu nitakilehemu Jumatatu inshaallah. Jumapili ya bamvua tutakuwa Paje saa nne na madumu mawili ya maji ya mvua.

#44 Mzee_wa_Cherehani
Ya mbele kulia umeiangalia?